Kuunganisha ndege JKIA hadi Wilson: Expressway inasaidia sana, lakini saa mbili hazitoshi

Nyota nne kati ya tano. Naipa safari nzima ya kutoka uwanja wa ndege wa JKIA mpaka ule wa Wilson, Nairobi, yaani barabara, dereva na kaunta ya Wilson vyote pamoja, manake ukishakata tiketi mbili za namna hii huwezi kuvitenganisha, kimoja kikichelewa vyote vimechelewa. Naandika kwa sababu kila ikikaribia Maulidi ama Idi watu wetu walioko Ghuba wananiuliza swali lile lile, natua Nairobi saa kadha, ndege ya Lamu inaruka Wilson saa kadha, je ntawahi? Na wengi wakiuliza hivyo tiketi zishalipwa zamani. Basi jibu langu ni hili: ukiwa na saa tatu na nusu mpaka nne katikati utawahi na roho imetulia, ukiwa na saa mbili usijaribu, hata kama aliyekuuzia tiketi amekuapia.

Kwa asiyejua, Nairobi ina viwanja viwili vya abiria. JKIA, yaani Jomo Kenyatta International Airport, iko kule Embakasi, ndiko zinakotua ndege kubwa za kutoka nje, alama yake kwenye tiketi ni NBO. Wilson iko Langata Road, alama yake WIL, na ndiko zinakotoka ndege nyingi ndogo za Maasai Mara, Amboseli, Samburu, Lodwar, Lamu na kwengineko, na ndege za madaktari wa AMREF pia makao yake pale pale. Ni uwanja wa zamani, tangu miaka ya 1930, na jina lake ni la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, uwanja ukaja kupewa jina lake 1962. Sasa zile herufi tatu ziangalieni jamani. Ukiona ndege ya kwanza inafika NBO na ya pili inatoka WIL ujue kuna mji mzima katikati. Tovuti nyingi za kuuza tiketi zinaandika Nairobi kote kuwili, mtu anadhani atatoka mlango huu aingie mlango ule, kumbe kuna kilomita kama 20 za barabara na jamu ya Nairobi ndiyo ile munaijua.

Lakini umbali wenyewe si kitu. Kinachokula muda zaidi ni yale ya kabla hujapanda gari na yale ya baada ya kushuka, na hapo ndipo watu wengi wanakosea hesabu, wanahesabu barabara tu, wanafungua ramani kwenye simu usiku wakiwa Doha wanaona imeandika dakika 25 wanafurahi. Usiku ule ule barabara haina mtu. Wewe unatua asubuhi.

Nianze na ndani ya JKIA. Ukitoka kwenye ndege kuna uhamiaji, kuna kusubiri mizigo, kuna forodha. Zikishuka ndege mbili tatu kwa pamoja foleni inarefuka, hilo ni la kawaida kwa uwanja wowote mkubwa, na ndege za kutoka Ghuba mizigo yake huwa mingi manake hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu, kila mtu ana boksi lake la kamba, ana blanketi, ana sufuria, ana zawadi za mtaa mzima. Hayo maboksi yanapita kwenye mashine na ofisa akitaka kuona ndani utafungua, na kufunga tena boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi si kazi ya dakika mbili. Pia mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 kwa hivyo hamisheni vitu kwenye mfuko wa kitambaa kabla hamjafika, msiyaanze hayo pale mlangoni. Mimi tangu matairi yaguse chini mpaka nasukuma toroli nje nahesabu saa moja na nusu. Ikipungua alhamdulillahi, lakini sipangi safari kwa kutegemea itapungua. Na anayekwambia yeye alitoka kwa dakika ishirini muulize alikuwa na mzigo gani, utaambiwa begi la mgongoni.

Na kitu kingine, msidhani begi litajipeleka Wilson. Hata uulize vipi kule ulikopandia, begi lako unalichukua JKIA kwa mkono wako, unapita nalo forodha, unalipeleka mwenyewe. Tiketi zenyewe mara nyingi ni mbili mbalimbali, kampuni ya pili haina habari kama ile ya kwanza imechelewa, wala haina jukumu na wewe. Ikifika saa ya kufunga kaunta wanafunga, wewe ni abiria ambaye hakutokea, na pesa imekwenda ama utalipa tofauti ya kiti cha kesho. Ndio maana mimi nashikilia sana hili la saa.

Sasa nije kwenye barabara, hapa nitasifu na nitasifu kwa haki. Kabla ya 2022 kutoka JKIA asubuhi ilikuwa ni dua. Unaingia Mombasa Road unakaa, malori, matatu, mabasi ya shule, mvua ikinyesha kidogo basi, mtu alikuwa anaweza kukaa saa mbili kwa safari ya kilomita chache. Nairobi Expressway ikaanza kutumika kwa majaribio Mei 2022 na kufunguliwa rasmi Julai ya mwaka huo huo, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, waliojenga ni Wachina wa China Road and Bridge Corporation na wanaoiendesha ni Moja Expressway, ni ya kulipia, na unalipia kulingana na ulikoingilia na unakotokea. Kwa gari dogo barabara nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho bei ilipanda ikawa shilingi 500 Januari 2024, lakini wewe wa Wilson hutumii yote, unaingilia JKIA pale pale kwenye barabara ya uwanja na unatokea Southern Bypass, ile barabara ya kuzunguka mji, ni kipande tu, pesa yake ni ndogo ukilinganisha na tiketi ya ndege uliyoishikilia mkononi.

Ukishapanda unaona tofauti hapo hapo. Upande wa kushoto kwenye Mombasa Road magari yamesimama kimya, nyinyi mnakwenda. Mwenye kifaa cha kulipia kwenye kioo anapita kizuizi kikiinuka chenyewe, anayelipa pesa mkononi anaingia foleni nyengine, nayo asubuhi huwa na watu, kwa hivyo muulize dereva kabla hujakubaliana naye, una kifaa, na kina pesa ndani? Ni swali dogo lakini limenisaidia sana. Pikipiki na tuktuk haziruhusiwi kabisa kule juu, kwa hivyo hesabu ya kuchukua boda ili upenye jamu haiwezekani, achilia mbali kwamba una boksi.

Ukitokea Southern Bypass maeneo ya hoteli ya Ole Sereni unashika ile barabara inayopita pembeni mwa mbuga, ua wa Nairobi National Park uko kushoto kwako njia nzima na Wilson yenyewe iko upande wa kulia mbele, mpaka utokeze Langata Road karibu na Uhuru Gardens. Wakati barabara imefunguka hapa ni dakika chache sana. Lakini jueni kwamba bypass hii ndiyo njia ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba na Busia, mpakani mwa Uganda, bila kuingia mjini, lori moja likilala pale hakuna pa kupenyea, upande mmoja ua wa mbuga upande mwengine mtaro. Ndio maana hata kukiwa na Expressway siwezi kukwambia dakika 30 ukaishika kama amana. Asubuhi mpaka saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi, mimi naweka saa nzima. Mvua za masika naweka moja na nusu, na waliokuweko Nairobi Aprili 2024 wakati wa yale mafuriko wanajua kwanini.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike kwa ukali kidogo kuhusu madereva. Kuna safari tulikuwa na mamangu, mwenye kutukatia tiketi (simtaji, si jambo la kumtaja mtu) alituwekea saa mbili na kitu katikati, tukamuuliza, akasema hiyo inatosha sana, watu wote wanakwenda hivyo. Tukatoka na mizigo yetu, tukaita teksi ya kwenye simu. Wa kwanza akapiga, munakwenda wapi? Wilson. Munalipa cash ama M-Pesa? M-Pesa. Akakata safari. Wa pili akaja, kijana mpole tu, akapakia mizigo, akaondoka, na pa kupandia Expressway akapapita bila hata kutuuliza. Nikamwambia kaka, sisi tuna ndege, tungepita juu. Akasema chini kuko sawa asubuhi hii, kule juu ni pesa ya bure, tutafika. Nikamwambia tozo nalipa mimi, lakini kashapita, kurudi tena mpaka uzunguke. Cabanas tukasimama. Tukaenda hatua, tukasimama. Imara Daima malori mbele malori nyuma, mamangu ametoa tasbihi yake haongei na mtu, na mimi naangalia saa kwenye simu na ile ramani inageuka nyekundu kipande baada ya kipande, dakika zinaongezeka badala ya kupungua. Tulipofika Wilson kaunta imeshafungwa na ndege iko pale nje, unaiona kwa macho yako, ngazi imeshaondolewa. Hakuna aliyetukosea pale kaunta, wao wanafuata saa yao, dada alikuwa na heshima na mamangu, akamkalisha, akampa maji, akatutafutia viti vya kesho yake. Lakini pesa tulilipa na usiku tukalala kwa jamaa zetu mtaa wa South C, jirani na Wilson.

Tangu siku hiyo sichukui gari la kubahatisha. Nina dereva ninayempigia siku mbili kabla, kijana wa hapo hapo South C, nampa namba ya ndege, yeye anaifuatilia mwenyewe kwenye simu. Tukishuka tu napata ujumbe wake, nimeona mumetua, msikimbie, chukueni mizigo taratibu niko nje. Hiyo peke yake wallahi ina thamani. Gari lake lina carrier juu, kifaa cha tozo kiko kwenye kioo na kina pesa, na anajua Wilson mlango kwa mlango, hili nalo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani nitalieleza hapo chini. Analipwa zaidi kidogo ya teksi za kwenye simu, na tozo iko ndani ya bei, na mimi nalipa bila kunung'unika. Ukiwa huna mtu unayemjua, hoteli nyingi na kampuni za safari zitakupangia gari, na teksi za pale uwanjani nazo zipo, muhimu mukubaliane bei na njia kabla begi halijaingia kwenye buti. Sema wazi, Expressway mpaka Southern Bypass, tozo ni ya nani.

Basi la kutoka uwanja mmoja mpaka mwengine hakuna. Nasema kwa sababu waliozoea London wanauliza, kule Heathrow na Gatwick kuna mabasi ya National Express yanayokwenda moja kwa moja, unakata tiketi unakaa. Nairobi ukitaka rahisi ni matatu namba 34 mpaka mjini, halafu utembee na mzigo wako mpaka steji nyengine ushike gari za Langata ama Rongai zinazopita mbele ya Wilson. Inawezekana kwa kijana mwenye begi moja na siku nzima mbele yake. Kwa mtu mwenye ndege ya kuwahi mimi simshauri.

Wilson sasa. Jambo la kwanza, Wilson si jengo moja. Hakuna pale ile ya kuingia ukumbi mkubwa ukaangalia kwenye skrini kaunta ni namba ngapi. Kila kampuni ina mahali pake na lango lake, Safarilink wana pao, AirKenya wana pao, Skyward pao, dereva asiyejua atakushusha pasipo halafu utaanza kuburura mabegi kwenye lami ukiuliza walinzi. Kwa hivyo ukimwambia dereva Wilson, malizia na jina la kampuni. Dereva mzuri atakuuliza mwenyewe.

Jambo la pili kilo. Hapa ndipo wa Ghuba tunapoumia. Ndege kubwa imekuruhusu kilo 30, wengine vipande viwili vya 23, unashuka na mizigo ya mwaka mzima, halafu ndege ndogo za Wilson kiwango cha kawaida hasa zile za mbugani ni kilo 15, begi laini, siyo masanduku magumu ya matairi, manake sehemu ya mizigo ya Cessna Caravan ni ndogo na lile sanduku gumu halikunjiki. Njia za pwani angalia tiketi yako imeandika nini, kampuni na ndege zinatofautiana, na kilo za ziada zinalipiwa kama nafasi ipo, nafasi isipokuwepo mzigo utafuata baadaye. Nimewahi kusimama nyuma ya mama mmoja wa kwetu begi lake limewekwa kwenye mizani, yule dada anamwambia kwa upole, mama zimezidi kilo 6, na yule mama akakaa chini kwenye sakafu akafungua zipu, akaanza kutoa makopo ya haluwa ya Maskati moja moja anayapanga pembeni, kisha udi, kisha tende, kisha vitambaa, kila anachotoa anakiangalia kwanza manake kila kitu kina mwenyewe nyumbani anakingoja. Watu nyuma wakaanza kumpokea, mmoja akasema nipe makopo mawili niweke kwangu, mwengine akachukua vitambaa. Akapita. Lakini ile ilichukua dakika ishirini, na kama angefika dakika ya mwisho asingepata hizo dakika ishirini.

Kwa hiyo mimi mizigo mikubwa siipeleki Wilson kabisa. Dereva akishatushusha anaipeleka ofisi za mabasi, Tahmeed na wengine wa njia ya Lamu wanapokea vifurushi, boksi linakwenda kwa barabara mpaka Mokowe, upande wa bara pa kuvukia Lamu, na tunalichukua siku mbili tatu baadaye. Bei yake ni ndogo kuliko kulipia kilo za ndege na haina presha. Andikeni jina na namba ya simu kwenye boksi pande zote, kwa kalamu nene, na risiti piga picha.

Kwa walio na pasipoti za nje kuna hili pia. Halati yangu ana pasipoti ya Oman, alidhani kwa vile anapita tu Nairobi hahitaji kibali. Ukikaa ndani ya JKIA unangoja ndege nyengine bila kupita uhamiaji hilo ni jambo jengine, lakini ukienda Wilson umeshaingia Kenya, umetoka nje ya uwanja, kwa hivyo unahitaji ile eTA, kibali cha kusafiri cha kuombwa mtandaoni, iliyoanza Januari 2024 badala ya viza. Wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji. Ombeni kwenye tovuti ya serikali, etakenya.go.ke, na muangalie vizuri mumeandika sawasawa manake kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinatoza zaidi. Fanyeni mapema kabla ya safari, msiache mpaka siku ya mwisho, na chapisheni karatasi hata kama imo kwenye simu, simu ya mtu mzima inaweza kuzima chaji kwenye foleni.

Sasa kuna anayeuliza, kwanini basi nipite Wilson kabisa? Swali zuri. Kwenda Lamu Jambojet inatokea JKIA yenyewe, unatua, unachukua mzigo, unapita forodha, unasukuma toroli mpaka teminali 1D ya ndege za ndani, hujagusa barabara. Kama saa zinakubali na una mtu mzima ama watoto, chukua hiyo, mimi mwenyewe ndivyo ninavyowapangia wazee. Tatizo ni saa, ndege hiyo haitoki kila saa, na siku nyengine imeshajaa hasa karibu na Maulidi, na pia kuna wanaokwenda Mara ama Samburu ambako Wilson ndio mlango. Ukiona ya JKIA inakulazimisha kulala na ya Wilson inakupa saa nne katikati, Wilson ni sawa kabisa, usiiogope. Ni uwanja mdogo, ukishapita kwenye mizani na ukaguzi umekaa, hakuna kutembea nusu kilomita kutafuta lango, unaitwa unatoka kwa miguu mpaka kwenye ndege. Mamangu anaipenda kuliko JKIA, anasema hapa mtu anaonekana.

Ila jueni ndege za huku ni za mchana. Viwanja vingi vya mbugani havina taa, jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili unusu hakuna cha kutua, na Lamu pia mtu anataka afike Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, kukiwa bado kweupe avuke na boti kwa raha. Kwa hivyo ukitua JKIA baada ya saa saba mchana usikate ya siku hiyo hiyo. Lala. Usiku mmoja South C ni rahisi kuliko tiketi iliyoungua, na ukilala pale asubuhi Wilson iko karibu kabisa, ni mtaa wa jirani.

Nyota moja nimeipunguza kwa nini? Kwa sababu ya kurudi. Kutoka Wilson kwenda JKIA ni kugumu zaidi na hakuna anayekwambia. Kwanza baadhi ya ndege za kutoka pwani zinapita mahali kabla ya Nairobi, ikichelewa moja inachelewesha yote. Pili nyingi zinafika wakati wa jamu ya jioni, Langata Road imejaa mpaka Nyayo Stadium, bypass ina malori. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuingia JKIA si kufika mlangoni tu. Kule kwenye lango la barabarani kuna ukaguzi wa gari na waliomo. Kisha mlangoni mwa teminali mabegi yote yanapita mashine tena, kisha kaunta, uhamiaji, na ukaguzi mwengine ndani. Yote ni kwa usalama wetu na sina neno, lakini yana muda wake, na kaunta za ndege za nje kwa kawaida zinafungwa saa moja kabla ya kuruka. Kwa kurudi mimi nataka saa tano, tena nasema tano nikiwa nimeshapita njia hii sana. Kungekuwa na kibao, kungekuwa na basi la viwanja hivi viwili lenye saa zinazojulikana linalopita Expressway, watu wangelilipia kwa furaha, na barabara ya kulipitisha ishajengwa. Hilo ndilo linaloikosesha huduma hii nyota ya tano kwangu.

Kama mutabaki na masaa mengi baada ya kutua Wilson musikimbilie kukaa JKIA kwenye viti. South C iko pale pale, msikiti upo, vyakula vya kwetu vipo, pilau na biriani na viazi karai, wenyeji wengi ni Waislamu na Kiswahili chetu wanakijua, mamangu huwa ananyoosha miguu kwa jamaa zetu mpaka alasiri. Siku hizi tunachukua ndege ya mapema kutoka Manda, tunashinda South C, tunaswali, dereva anakuja kwenye saa tisa na nusu, na kabla jamu ya jioni haijashika tushapanda Expressway tuko njiani JKIA hata kama ndege yenyewe ni ya usiku.